Oili ya giaboksi na difu ya nyuma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaobadilisha wenyewe nyumbani

Ukurasa huu ni wa mwenye pikapu, Hiace, Land Cruiser, Land Rover au Canter, yaani gari lenye giaboksi ya klachi mbele, propela katikati na difu nyuma. Tumewafikiria zaidi wanaoendesha kati ya Iringa, Njombe na Mbeya, ambako gari hilohilo linaweza kuamka kwenye baridi ya Makete, mchana likakanyaga tope la Usangu, na usiku likashuka Kitonga na viazi mgongoni.

Kila nikienda gereji wanabadili oili ya injini tu. Kwani hizi nyingine zina haja?

Zina haja, tena kubwa. Injini ina filta inayochuja uchafu na taa ya kukuonya oili ikipungua. Giaboksi na difu za magari mengi ya aina hii hazina filta wala taa. Kila chembe ya chuma inayosagika humo inabaki humohumo, inazunguka na oili na kupita kwenye beringi tena na tena. Oili ikipungua nusu huoni dalili yoyote mpaka kitu kianze kulia, na kikianza kulia umeshachelewa.

Nibadili baada ya kilomita ngapi?

Kwa gari linalokaa kwenye lami na mzigo wa kawaida, kilomita 40,000 ni kipimo kizuri. Linalobeba mbao, viazi au mpunga, linalovuta tela, au linaloishi kwenye vumbi na milima, libadilishe kila kilomita 20,000. Kusema kweli, magari mengi ya huku yako kundi la pili hata kama mwenyewe anasema analitumia “mjini tu”. Mji wa Mbeya wenyewe ni mlima.

Ukinunua gari lililotumika na hujui historia yake, badilisha wiki ya kwanza. Usiamini stika iliyobandikwa mlangoni.

Giaboksi na difu si zote zinatumia oili ya gia? Nikinunua dumu moja si inatosha?

Hapa ndipo watu wanapoharibu magari, kwa hiyo soma jibu hili polepole.

Difu ya nyuma ina pinioni (gia ndogo) inayosukuma krauni (gia kubwa) kwa pembe, na meno yake hayaviringani tu, yanateleza yakiwa yamegandamizwa kwa nguvu kubwa. Oili ya kawaida ingekamuliwa yote na chuma kikakutana na chuma. Kwa hiyo oili ya difu inatiwa dawa za salfa na fosforasi ambazo, chini ya joto na mgandamizo, zinajenga utando mwembamba juu ya meno. Kwenye dumu utaona imeandikwa GL-5. Difu za nyuma za pikapu na Land Cruiser nyingi zinataka hiyo, na hakuna mjadala.

Giaboksi ina kazi nyingine. Ndani yake kuna ringi za sinkronaiza, mara nyingi za rangi ya shaba, ambazo kazi yake ni kushika. Unapohamisha gia, ringi inabana kwenye koni ya gia mpaka spidi zilingane, ndipo meno yanaingia bila kugongana. Oili ikiwa na utelezi mno, ringi inateleza badala ya kushika, na unasikia “krrr” ukiingiza gia ya pili. Zaidi ya hapo, dawa za salfa zilizo nyingi kwenye GL-5 zinaweza kuila ile shaba taratibu oili inapochemka. Giaboksi nyingi za mkono zimeandikiwa GL-4, ambayo ina takribani nusu ya dawa hizo.

Dumu lililoandikwa “GL-4/GL-5” limekusudiwa kufanya kazi zote mbili, na baadhi ya watengenezaji wa magari wanaliruhusu. Likubali tu kama kitabu cha gari lako kinalitaja. Kama kitabu kinasema GL-4 peke yake, tafuta GL-4 peke yake.

Usiweke GL-4 kwenye difu kwa kuogopa gharama. Giaboksi iliyowekewa GL-5 itakusumbua taratibu kwa miezi, ila difu iliyowekewa GL-4 kisha ikapakiwa tani moja na kupandishwa mlima inaweza kula meno ya krauni mapema sana.

Je, kuna giaboksi zisizotumia oili ya gia kabisa?

Zipo. Land Rover Defender zenye giaboksi ya LT77 zimeandikiwa ATF, ile oili nyekundu inayotumika kwenye giaboksi za otomatiki. Ukimimina oili ya gia ya 80W-90 humo, gia zitakuwa ngumu kama unakoroga ugali wa watu kumi. Ukikuta oili nyekundu inatoka kwenye giaboksi ya klachi, usidhani aliyekutangulia alikosea. Angalia kitabu kwanza.

75W-90, 80W-90, 85W-140: ipi inafaa baridi yetu?

Namba ya kwanza, yenye W, inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Ya pili inaeleza uzito wake ikiwa nyuzi 100. 75W imepimwa ibaki ikitiririka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W hadi 26 chini ya sifuri, na 85W hadi 12 chini ya sifuri. Hata Kitulo mwezi wa Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, hatufiki huko. Kwa hiyo hakuna kati ya hizo itakayoganda. Tofauti utaiona kwenye mkono: saa kumi na mbili asubuhi, 85W-140 ni nzito kiasi kwamba sinkronaiza inashindwa kuikata, na gia ya kwanza na ya pili zinakataa mpaka utembee kilomita kadhaa.

Kwa giaboksi, 75W-90 ndiyo tunayoipendelea kwa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya. Kwa difu, 80W-90 inatosha magari mengi. 85W-140 ina nafasi yake kwenye difu ya lori au gari linalobeba mzigo mzito muda wote kwenye joto la mabondeni huko Mbarali au Kyela, kama kitabu kinairuhusu.

Usilinganishe namba hizi na za oili ya injini. Ni vipimo viwili tofauti: 75W-90 ya gia ina uzito unaokaribiana na 10W-40 ya injini. Ile “90” isikutishe.

Nahitaji lita ngapi?

Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho, kwa sababu hata Hilux mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na giaboksi tofauti. Kwa makadirio ya kwenda nayo dukani, pikapu na Hiace nyingi zinachukua kati ya lita 2 na 4 kwenye giaboksi, na lita 1.5 hadi 3 kwenye difu. Difu ya Defender ya aina ya Rover inachukua karibu lita 1.7, na ile kubwa ya Salisbury karibu 2.3. Nunua nusu lita ya ziada, maana itamwagika tu.

Ukiwa na fowili, kumbuka kuna transifa (boksi linalogawa nguvu kwa difu ya mbele na ya nyuma) yenye oili yake na nati zake, na difu ya mbele pia. Usipime oili ya giaboksi kwenye tundu la transifa.

Vifaa gani niwe navyo kabla sijaingia chini ya gari?

Spana namba 24 ya boksi au ya pete kwa Toyota nyingi, au ufunguo wa L wa milimita 10 kwa zile ambazo nati yake ina tundu la pembe sita. Land Rover nyingi zina tundu la mraba, na hapo unachomeka mkono wa rachet ya nusu inchi moja kwa moja bila boksi. Usitumie spana ya kufungua pande mbili wala koleo la bomba. Nati hizi zinakaa miaka bila kuguswa, na spana iliyolegea itakula kona zote kwa mzunguko mmoja.

Vingine ni brashi ya waya, matambara, beseni la lita 6 au zaidi, washa mpya za kila nati, pampu ya mkono au mpira wenye faneli, na taa ya kichwani. Washa ni za aluminiamu au shaba. Ni kitu kidogo sana kuchelewesha kazi, kwa hiyo zinunue pamoja na oili. Kama ya shaba imekosekana kabisa, ya zamani unaweza kuilainisha kwa kuipasha mpaka iwe nyekundu kisha kuiacha ipoe. Ya aluminiamu usijaribu.

Kwetu ni mlimani, hakuna mahali tambarare. Nitapimaje?

Swali zuri, maana kipimo cha oili ni ukingo wa tundu la kujazia. Gari likiinama, kipimo kinadanganya. Magurudumu ya mbele na ya nyuma yakipishana kimo kwa sentimita 10, oili ndani ya giaboksi inaweza kupanda au kushuka karibu sentimita moja pale kwenye tundu.

Tumia mpira wa maji wa mafundi uashi. Chukua mpira unaopenya mwanga, mita 5 hivi, ujaze maji usibakize hewa. Mwenzako ashike ncha moja usawa wa katikati ya hab (kitovu cha gurudumu) ya mbele, wewe shika nyingine kwenye hab ya nyuma. Maji yatasimama sawa pande zote, na utaona upande upi umezama. Weka mbao pana chini ya magurudumu ya upande huo mpaka hab zilingane. Tofauti ya sentimita moja au mbili achana nayo. Fanya hivyohivyo kulia na kushoto.

Ni lazima niinue gari?

Pikapu nyingi na Land Cruiser ziko juu vya kutosha mtu kuingia akiwa amelala. Kama unapita, usiinue. Gari lililosimama kwa magurudumu yake manne ni salama kuliko lililo juu ya chochote, na tena liko sawa.

Ukilazimika kuinua, jeki ni ya kunyanyulia tu. Chini ya gari zikae stendi za chuma, si matofali ya kuchoma, ambayo yanapasuka bila taarifa. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa kabari pande zote mbili.

Kuna mtego hapa ambao watu hawaujui. Land Rover nyingi za zamani na baadhi ya malori hayana hendibreki kwenye magurudumu, inabana propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na gari linaondoka huku hendibreki imevutwa hadi mwisho. Hata kuliacha kwenye gia hakusaidii, kwa sababu ileile. Ndiyo maana kabari zinakuja kabla ya jeki.

Basi nianze. Hatua ni zipi?

Tembeza gari kilomita 10 hadi 15 kwanza. Oili ya vuguvugu inatoka na uchafu uliolala chini, ya baridi inauacha. Isiwe moto wa kuunguza.

Zima injini, weka kabari, ingia chini, na usafishe kuzunguka nati zote mbili kwa brashi ya waya na tambara lenye dizeli. Tope lililokauka likidondoka ndani ya tundu unakuwa umefanya kazi ya bure.

Sasa, legeza nati ya juu ya kujazia kabla hujaigusa ya chini ya kumwagia. Ukimwaga oili yote halafu nati ya juu ikakataa kufunguka, una gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi wa jirani. Kama ya juu imekataa, acha hapohapo. Oili ya zamani bado imo na gari linatembea.

Kwenye giaboksi, nati ya kujazia huwa ubavuni, katikati ya kimo, na ya kumwagia huwa chini kabisa au chini ubavuni. Hakikisha ni zenyewe. Baadhi ya giaboksi zina nati nyingine ndogo zinazoshikilia springi na gololi za kufunga gia. Ukifungua moja ya hizo, springi inaruka, gololi inadondoka kwenye mchanga, na shughuli imebadilika jina. Nati ya oili ni nene na kwa kawaida ni kubwa kuliko boliti zote zinazoizunguka.

Weka beseni, fungua ya chini, na isukume kuelekea ndani huku ukiizungusha kwa vidole nyuzi za mwisho ili uitoe kwa mara moja na oili isikuteremkie kwenye kiwiko. Acha idondoke dakika 15 au zaidi. Futa sumaku ya nati kama ipo, lakini uangalie kilichoshika kabla ya kukifuta (tumelieleza hapo chini).

Rudisha nati ya kumwagia na washa mpya. Toyota inataja mkazo wa takribani Nm 37 kwa nati za giaboksi na Nm 49 kwa za difu kwenye pikapu zake nyingi. Huna spana ya kupimia mkazo? Kwa spana yenye mkono wa sentimita 30, Nm 37 ni kama kuning'iniza ncha yake ndoo yenye lita 12 za maji. Nm 49 ni kama lita 16. Jaribu kuinua ndoo hizo kwa mkono mmoja uone uzito wake, halafu ukaze hivyo. Kaka mwenye mikono ya kupasua kuni asikaze giaboksi ya aluminiamu kwa bomba la kuongezea nguvu. Nyuzi zikishakufa, ni kuchonga upya na kuweka nati kubwa zaidi, au kushusha giaboksi.

Jaza polepole kupitia tundu la juu mpaka oili ianze kuchuruzika. Ikatishe, subiri dakika tano itulie, ongeza kidogo, acha ya ziada itoke mpaka iwe inadondoka matone. Ukiingiza ncha ya kidole cha shahada na kukikunja kuelekea chini, uguse oili papo hapo au ndani ya milimita 5 chini ya ukingo. Funga.

Difu ni hivyohivyo. Wengi wanaanza nayo kwa sababu ni rahisi kufikia.

Nati ya kujazia imegoma. Nifanyeje?

Gonga kichwa chake kwa nyundo mara kadhaa, mapigo ya wastani, si ya hasira. Kutu inavunjika. Nyunyiza oili ya kupenya, acha usiku kucha. Asubuhi tumia boksi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, na mkono mrefu, ukiikandamiza boksi isiteleze. Ikikataa bado, pasha moto kingo za difu ya chuma kwa uangalifu, ukiwa mbali na breza (kipumulio cha difu), mipira ya breki na tenki. Giaboksi ya aluminiamu usiipashe kwa moto wa wazi. Kona zikianza kulika simama, mpelekee fundi mwenye mashine ya kuchomea. Atachomelea nati nyingine juu yake, na lile joto la kuchomea mara nyingi ndilo linaloilegeza.

Sina pampu.

Mpira wa mita moja na nusu na faneli vinatosha. Kwa giaboksi, pitisha mpira kutoka kwenye boneti ushuke hadi kwenye tundu. Oili itashuka kwa uzito wake. Asubuhi ya baridi itashuka kama asali. Weka chupa, kifuniko kikiwa kimelegezwa, kwenye sufuria ya maji ya moto kwa robo saa mpaka itiririke kama uji mwepesi. Sufuria isirudi jikoni.

Kwa difu, mwenzako akae ndani ya bodi la pikapu ashike faneli juu, nawe chini ushike ncha.

Oili iliyotoka inaniambia nini?

Itazame ikiwa bado kwenye beseni, na mwanga uuelekeze kutoka pembeni. Sumaku ikiwa na tope laini la kijivu, kama masizi yaliyochanganywa na mafuta ya mgando, hilo ni la kawaida. Likisuguliwa kati ya kidole gumba na cha kati halikwaruzi. Likikwaruza, kuna chenga, na chenga zenye pembe au umbo la jino ni habari mbaya. Usifunge tu na kuondoka.

Punje ndogo za rangi ya dhahabu zinazong'aa kwenye oili ya giaboksi zinatoka kwenye ringi za sinkronaiza. Chache baada ya kilomita nyingi si tatizo. Zikiifanya oili nzima imetemete kama rangi ya kucha, ringi zinakwisha.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Nyeusi yenye harufu ya kuungua imechemka, mara nyingi kwa kuwa ilikuwa pungufu. Harufu ya mayai viza yenyewe isikutishe. Ni salfa ya GL-5, hata mpya inanuka.

Breza ni nini, na kwa nini mafundi wanaisisitiza?

Ni kipumulio: kijibomba au kikofia kidogo juu ya mfuniko wa ekseli ya nyuma, na kingine juu ya giaboksi. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Tope la masika likikiziba, presha inatafuta njia nyingine, nayo ni oilisili (ringi ya mpira inayozuia oili isivuje). Oili inatokea kwenye pinioni, au inapita ekseli na kulowesha shuu za breki za nyuma. Mtu anabadili oilisili mara tatu, kila mara zinavuja, kumbe dawa ni kuzibua kikofia kwa sindano na dizeli. Kila ukibadili oili, kizungushe kwa vidole na hakikisha kinacheza.

Nimevuka mto, maji yalifika juu ya difu.

Difu yenye joto ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ndani inasinyaa ghafla na kuvuta. Breza ikiwa imeziba au fupi, inavuta maji kupitia oilisili. Siku inayofuata, kabla ya kuwasha gari, legeza nati ya chini ya difu kidogo sana. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yamelala chini, hivyo yatatangulia. Yakitoka maji au chai ya maziwa, badilisha yote, tembea kilomita 50 hivi, na ubadilishe tena, kwa sababu mwaga mmoja hauondoi kila tone kwenye mirija ya ekseli. Wanaovuka mito ya Usangu kila wiki wanafaidika kwa kurefusha breza na mpira hadi juu ya chasisi.

Gia ya pili inakwaruza asubuhi, ikipata moto inatulia. Oili mpya itaponya?

Huenda. Kama ndani kuna oili nzito au GL-5, kuirudisha kwenye 75W-90 ya GL-4 kunaweza kuleta tofauti siku hiyohiyo. Lakini kwanza ipime klachi. Washa injini, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii vizuri na giaboksi haina kosa. Angalia mafuta ya klachi na silinda zake. Ikiingia kimya lakini gia ya pili inakwaruza hata gari likiwa la moto, ringi zimekwisha, na hakuna oili ya kurudisha shaba iliyosagika.

Difu inalia. Nikiweka 140 au kiongezeo itanyamaza?

Itanyamaza kidogo, na ndilo tatizo. Oili nzito, grisi, unga wa mbao, hata maganda ya ndizi ni hila za kale za kuuzia gari. Zinafunika sauti wakati beringi inaendelea kusagika. Sikiliza badala yake: mlio wa juu unaokuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia unatoka kwenye meno ya krauni na pinioni. Mngurumo usiojali unakanyaga au unaachia, unaokua na spidi, mara nyingi ni beringi. Vyote viwili vinataka difu ifunguliwe.

Nitajuaje kama difu yangu ni LSD?

LSD ni difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. Tafuta kibandiko au kibati kwenye difu chenye herufi hizo. Kama hakipo, inua magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye stendi, kabari mbele, gia frii, hendibreki chini. Zungusha moja. Lile jingine likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likizunguka upande uleule, ni LSD au aina inayofungwa. LSD ya bamba inataka oili iliyoandikwa LSD. Ukiweka GL-5 tupu itatetemeka na kugonga ukikata kona taratibu.

IST au Vitz yangu sioni difu nyuma.

Haipo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina difu ndani ya giaboksi, oili ni moja, nati ni mbili tu. Kama ni otomatiki au CVT, usifuate chochote kwenye ukurasa huu.

Nilijaza kupita kipimo makusudi, nikidhani ya ziada ni akiba.

Ifungue ichuruzike. Oili iliyozidi inapigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halilainishi. Kisha inasukumwa nje kwenye breza, au kupitia oilisili ya mbele ya giaboksi hadi kwenye bamba la klachi. Klachi ikishaloa, itateleza kwenye mlima wa kwanza wenye mzigo.

Oili chafu niimwage wapi?

Si kwenye mfereji, na hasa si bondeni. Vinyungu (bustani za mabondeni) vya Iringa na Njombe vinamwagiliwa na maji yale yale yanayopita chini ya nyumba yako. Irudishe kwenye madumu ya lita 5 uliyonunulia, andika “CHAFU” kwa kalamu nene, na uipeleke gereji inayokusanya kwenye pipa. Usichanganye na maji, petroli wala mafuta ya breki, vinginevyo wanaokusanya wataikataa.

Nikimaliza nikague nini, na lini?

Pangusa kuzunguka nati zote mpaka zikauke. Tembea kilomita 20, rudi, ingia chini na karatasi nyeupe ya chooni, na uguse chini ya kila nati. Ikitoka kavu, angalia tena baada ya wiki. Ikitoka na doa, kaza robo ya robo ya mzunguko. Doa likirudi, badili washa. Usiendelee kukaza. Kisha andika tarehe, kilomita na aina ya oili kwenye kadi ndani ya dashibodi, giaboksi na difu kila moja mstari wake.